UCHAMBUZI: Programu ndogo zilizosahaulika zinavyozima huduma kubwa Kitale na Bungoma

MKAZI wa Kitale au Bungoma anayetafuta cheti cha maadili mema, leseni ya udereva au nafasi ya chuo kikuu halazimiki tena kufunga safari ya Nairobi kwenda kupiga foleni. Anachohitaji ni tarakilishi inayofanya kazi, mtandao na mtu wa kumwelekeza. Tangu Juni 30, 2023, Rais William Ruto alipozindua rasmi huduma 5,000 za serikali kwenye mtandao wa eCitizen, lango la serikali limehamia kwenye saiba iliyo karibu na steji ya matatu.

Mjadala kuhusu lango hilo umejikita katika kasi ya intaneti, kupotea kwa umeme na usalama wa mitambo mikuu. Wakenya walilalama kwa sauti moja mnamo Julai 2023 wakati eCitizen iliposhambuliwa na wadukuzi na huduma zikakwama kote nchini. Lakini kuna kuzimika kwa aina nyingine ambako hakufiki kwenye taarifa ya habari. Ni pale ambapo tarakilishi moja, katika chumba kimoja, hugeuka rangi ya samawati katikati ya kazi, ikaandika maneno machache ya Kiingereza, kisha ikajizima na kujiwasha upya.

Aliyekuwa akijaza fomu hupoteza alichokijaza. Ikiwa siku hiyo ni Juni 30, makataa ya kila mwaka ya kuwasilisha ritani za ushuru, au saa za mwisho za kuchagua kozi katika mtandao wa KUCCPS, hasara yake haipimwi kwa dakika. Mwenye saiba naye huambiwa na fundi kwamba mashine imekufa na anunue nyingine.

Ukweli ni kwamba mara nyingi mashine hiyo haijafa. Kilichoharibika ni kiungo kidogo kisichoonekana, ambacho aghalabu hakiuzwi kwa bei yoyote kwa kuwa watengenezaji hukitoa bure. Kiungo hicho ni draiva. Wilaya, kaunti, shule na wafanyabiashara wamekuwa wakihesabu tarakilishi walizonazo, lakini ni wachache wanaohesabu draiva zilizo ndani ya tarakilishi hizo, zina umri gani na nani ana jukumu la kuzitunza. Hapo ndipo penye kasoro.

Mkalimani aliyepitwa na wakati

Ili kuelewa draiva ni nini, tufikirie mahakama. Mzee anayezungumza Lubukusu, Kisabaoti au Kipokot pekee anaposimama kizimbani, hakimu hamwelewi na yeye hamwelewi hakimu. Kesi huendelea kwa sababu ya mkalimani aliyesimama kati yao. Mfumo endeshi kama vile Windows haujui moja kwa moja jinsi printa ya kampuni fulani inavyovuta karatasi, wala jinsi kadi ya waifai inavyonasa mawimbi. Draiva ndiyo programu ndogo inayotafsiri amri za mfumo kwa kifaa, na majibu ya kifaa kwa mfumo.

Sasa tuseme sheria imerekebishwa na mahakama ina taratibu mpya, lakini mkalimani bado anatumia zile alizojifunza miaka 12 iliyopita. Atatafsiri visivyo, na shauri litaharibika ilhali hakimu na mshtakiwa wote ni wazima. Ndivyo hutokea mfumo endeshi unaposasishwa huku draiva ikibaki ya zamani, au draiva inapobaki na dosari ambayo mtengenezaji alikwisha kuirekebisha katika toleo ambalo mwenye mashine hakulipakua.

Msomaji atauliza: kama dosari ni ya printa, kwa nini printa isigome peke yake? Jibu linahusu mahali draiva inapoketi. Programu ya kawaida, kama ile ya kuandikia barua, hufanya kazi katika eneo lake lililozungushiwa ua. Ikianguka, hufungwa peke yake. Draiva nyingi, kinyume chake, hufanya kazi katika kiini cha mfumo, mahali ambapo kila kitu hupatikana. Mkalimani huyu haketi kwenye benchi la wageni bali mezani pa hakimu, akiwa na funguo za kabati la majalada. Draiva ikigusa sehemu ya kumbukumbu isiyo yake, mfumo huamua kusimamisha shughuli zote kuliko kuhatarisha data. Skrini ya samawati, ambayo katika matoleo ya Windows 11 ya tangu 2025 imefanywa nyeusi, si ugonjwa wenyewe. Ni breki.

Takwimu za kale zinaonyesha uzito wa jambo hili. Mnamo 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliandika kwamba draiva zilisababisha asilimia 85 ya hitilafu zilizokuwa zimeripotiwa karibuni katika Windows XP. Windows Vista ilipoingia sokoni Januari 2007, watengenezaji wengi wa vifaa hawakuwa wamekamilisha draiva zao. Stakabadhi za Microsoft zilizofichuka baadaye katika kesi nchini Marekani zilionyesha kuwa draiva za kampuni moja tu ya kadi za picha, Nvidia, zilihusishwa na karibu asilimia 29 ya visa vya kuzimika vilivyorekodiwa mwaka huo.

Tangu wakati huo mambo yameimarika. Windows ya leo inaweza kuiwasha upya draiva ya picha iliyokwama bila kuzima mashine nzima, na matoleo ya biti 64 hukataa draiva isiyo na saini ya kidijitali. Lakini uimara huo humfaidi aliyesasisha. Kwa aliyeachwa nyuma, tatizo ni lile lile la mwaka 2007.

Kwa nini hapa kwetu

Tatizo hili lipo duniani kote. Hata hivyo, kuna mambo manne yanayolifanya liwe zito zaidi katika miji kama Kitale, Kiminini, Webuye na Bungoma.

La kwanza ni asili ya mashine zenyewe. Saiba, duka au shule ya kibinafsi isiyo na mtaji mkubwa huanza kwa tarakilishi za ‘ex-UK’, zilizotumika kwa miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo kabla ya kuuzwa upya. Hakuna ubaya katika hilo, kwani nyingi ni imara kuliko vipakatalishi vipya vya bei rahisi. Ila diski zake hufutwa kabla ya kuuzwa, na draiva zilizowekwa na mtengenezaji hufutika pamoja na data. Muuzaji hupakia mfumo mpya kwa haraka, mashine ikiwaka na kuonyesha picha anaikabidhi kwa mteja.

La pili ni bei ya bando. Sasisho moja la Windows linaweza kumeza mamia ya megabaiti, na masasisho makubwa hufikia gigabaiti kadhaa. Mwenye saiba mwenye tarakilishi kumi anayetegemea intaneti ya kulipia kwa kiasi huona masasisho kama mchwa wanaotafuna faida yake. Huyazima. Uamuzi huo una mantiki ya kibiashara siku ya kwanza. Madhara yake hujitokeza mwaka wa pili.

La tatu ni mifumo isiyo na leseni halali, ambayo huja ikiwa imezimiwa masasisho ili isigunduliwe. Na la nne ni flashi ya fundi. Mafundi wengi hutembea na mkusanyiko wa draiva walioupakua zamani, nao huupakia kwenye kila mashine, iwe ya HP, Dell au Lenovo. Draiva inayokaribia kufaa hukubaliwa kana kwamba ni yenyewe. Kifaa hufanya kazi, lakini kwa mkalimani wa kubahatisha.

Ndiyo maana tiba inayopendwa zaidi mitaani, kufomati, huleta nafuu ya muda tu. Mashine hufutwa, mfumo hupakiwa upya, mteja hulipa na kushukuru. Baada ya majuma machache skrini ya samawati hurejea, kwa kuwa draiva zilizorudishwa ni zile zile kutoka flashi ile ile. Kufomati kwa namna hiyo ni kumhamisha mkalimani yule yule kwenye chumba kilichopakwa rangi mpya.

Kikomo cha Oktoba 14, 2025

Suala hili lilipata uzito mpya Oktoba 14, 2025, siku ambayo Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Si mara ya kwanza. Windows XP ilifikia kikomo Aprili 8, 2014 na Windows 7 Januari 14, 2020. Tofauti ni kwamba safari hii mlango wa kuhamia toleo jipya ni mwembamba. Windows 11 hudai, kwa utaratibu rasmi, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel Core, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Tarakilishi nyingi za ex-UK zilizojaa madukani ni za kizazi cha nne, cha tano au cha sita.

Microsoft ilifungua mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji binafsi, wenye kikomo cha Oktoba 13, 2026, kwa ada ya dola 30 (karibu Sh3,900 kwa viwango vya 2025) au bila malipo kwa masharti fulani. Lakini mpango huo ni wa kuziba mianya ya usalama pekee. Hauahidi draiva mpya. Watengenezaji wa vifaa nao hufuata soko. Toleo la mfumo likishastaafu, juhudi zao huelekezwa kwa lililo hai.

Wapo mafundi wanaojua mbinu ya kuilazimisha Windows 11 kuingia kwenye mashine isiyostahiki. Inawezekana, na mashine itawaka. Hata hivyo, mwenye mashine ajue kwamba amehamia nyumba ambayo mtengenezaji wa vifaa vyake hakuwahi kuiandikia draiva. Akibahatika, draiva ya Windows 10 itamfaa. Asipobahatika, atakuwa amenunua skrini nyeusi badala ya ya samawati.

Printa nazo zina njia yake. Mnamo Septemba 2023, Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za printa za kampuni nyingine kupitia masasisho ya Windows, ili printa zitumie utaratibu mmoja wa kawaida uliomo ndani ya mfumo. Kwa saiba ambayo nusu ya mapato yake ni kuchapisha, hilo lina maana moja: draiva ya printa ya zamani ipakuliwe kwa mtengenezaji na ihifadhiwe mahali salama ingali inapatikana.

Jinsi ya kumtambua mchawi

Kabla ya kumlipa mtu yeyote, mwenye tarakilishi anaweza kufanya uchunguzi wa awali. Hauhitaji shahada.

Kwanza, apige picha skrini hiyo kwa rununu yake. Katika Windows 10 na 11, chini ya ujumbe huandikwa jina la kosa kwa herufi kubwa. Katika Windows 7 na za kabla yake huwa ni tarakimu. Kosa VIDEO_TDR_FAILURE, ambalo ni 0x00000116, huelekeza kwenye draiva ya picha. DRIVER_POWER_STATE_FAILURE, yaani 0x0000009F, humaanisha draiva fulani imeshindwa kuitikia mashine ilipolala au kuamka. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, ambalo ni 0x000000D1, humaanisha draiva imegusa kumbukumbu isivyopaswa, na mara nyingi huwa ni ya kadi ya mtandao.

Wakati mwingine hutajwa pia faili ambalo jina lake huishia kwa .sys. Hilo ni jina la mshukiwa. Faili igdkmd64.sys ni draiva ya picha ya Intel, na nvlddmkm.sys ni ya Nvidia. Likitajwa ntoskrnl.exe, mtu asikimbilie kulilaumu. Hicho ni kiini cha Windows chenyewe, na mara nyingi ni mahali maiti ilipookotwa tu, wala si mahali mauaji yalipotendeka.

Pili, ajiulize ni nini kilibadilika. Je, kuna printa, skana au kamera iliyoongezwa juzi? Je, mashine huzimika kila inapochapisha, kila inapocheza video, au kila inapoamka? Kuzimika kwenye mpangilio hushuku draiva. Windows huweka kumbukumbu ya matukio haya: ukibonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, kisha ukaandika perfmon /rel, utaona kalenda inayoonyesha siku ambazo mashine ilianguka na programu zilizowekwa siku hizo.

Tatu, kwa njia iyo hiyo aandike devmgmt.msc. Orodha ya vifaa vyote hufunguka. Chenye alama ya pembetatu ya manjano kina tatizo. Kifaa chochote kikifunguliwa huonyesha tarehe na toleo la draiva yake. Hapa pana mtego mmoja: draiva nyingi za Microsoft yenyewe huandikwa tarehe ya Juni 21, 2006 hata zikiwa mpya. Tarehe hiyo iliwekwa makusudi ili draiva ya mtengenezaji wa kifaa, ikiwapo, ipewe kipaumbele. Fundi anayemtisha mteja kwa tarehe hiyo ama hajui au anatafuta fedha.

Nne, aiwashe mashine katika hali salama, ambapo Windows hupakia draiva za msingi pekee. Ikitulia humo kwa saa kadhaa ilhali huanguka katika hali ya kawaida, ushahidi dhidi ya draiva, au programu inayojiwasha pamoja na mfumo, ni mzito.

Tano, draiva mpya itafutwe kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine kwa kutumia nambari ya modeli iliyobandikwa chini au nyuma yake. Kabla ya kuipakia, aweke alama ya kurejea ya mfumo ili ikiharibika arudi alikotoka. Na kama ni lazima kufomati, draiva ya kadi ya mtandao ipakuliwe kwanza na kuwekwa kwenye flashi. Wengi wamefomati kisha wakajikuta hawana intaneti ya kupakulia draiva ya intaneti.

Zile programu zinazojitangaza kuwa zitasasisha draiva zote kwa kubonyeza mara moja ziepukwe. Baadhi huweka draiva zisizofaa na nyingine ni njia ya kupenyezea programu hasidi. Gharama ya bando nayo inapunguzika. Saiba yenye mashine kumi za modeli moja huhitaji kupakua draiva mara moja tu na kuinakili, na Windows 10 na 11 zina mpangilio unaoruhusu tarakilishi za chumba kimoja kugawana masasisho yaliyokwisha kupakuliwa na mojawapo.

Si kila anguko ni la draiva

Haki yadai tuseme pia upande wa pili. Umeme unaopotea na kurudi kwa kishindo huharibu diski na bodi za umeme. Vumbi la kiangazi huziba feni, prosesa ikapata moto na mashine ikajizima ghafla bila ujumbe wowote. Kipande cha RAM kilicholegea huleta makosa yanayobadilika badilika kila mara. Kwa kawaida draiva mbovu hurudia kosa lile lile, ilhali RAM mbovu hutoa kosa jipya kila siku. Fundi mwaminifu husafisha feni na kukagua RAM kabla ya kuhukumu.

Wala si kweli kwamba kila kipya ni bora. Julai 19, 2024, dunia ilishuhudia funzo ghali. Kampuni ya usalama wa mitandao ya CrowdStrike ilituma faili la sasisho lenye kasoro kwa wateja wake. Faili hilo lilisomwa na draiva ya kampuni hiyo iliyoketi katika kiini cha Windows, nayo ikaanguka na mashine nzima. Microsoft ilikadiria kwamba tarakilishi milioni 8.5 ziliathirika. Safari za ndege ziliahirishwa, na hospitali na benki zikatatizika katika nchi mbalimbali. Kilichoziangusha hakikuwa draiva ya zamani bali sasisho la siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo funzo si kusasisha kila kitu kila asubuhi. Funzo ni utaratibu. Sasisho lijaribiwe kwenye mashine moja kwa siku chache, kisha zifuate nyingine. Mwenye mashine kumi anayo nafasi ya kufanya hivyo.

Ipo pia njia ya kuachana na Windows kwenye mashine zilizozeeka. Mifumo huria ya Linux, kama vile Ubuntu na Linux Mint, huja na draiva nyingi ndani ya kiini chake, na vifaa vya miaka kumi iliyopita mara nyingi hutambuliwa bila kupakua chochote. eCitizen na mtandao wa KUCCPS hutumika kupitia kivinjari, hivyo hazihitaji Windows. Vikwazo vipo: baadhi ya printa na visoma alama za vidole havina draiva za Linux, na majedwali ya ritani ya kupakua yanafaa kujaribiwa kwanza. Lakini kwa tarakilishi tano kati ya kumi za saiba, au kwa maabara ya shule, ni njia inayostahili kupimwa badala ya kuitupa mashine.

Mzigo unamwangukia nani

Katika haya yote, anayeumia zaidi si mwenye mashine. Ni mwananchi asiye na mashine. Mwenye kipakatalishi nyumbani huko Milimani ataiwasha upya na kuendelea. Mtoto wa mkulima aliyetoka Endebess au Mlima Elgon kwa nauli ya kuazima, akafika mjini saa tisa alasiri, hana siku ya pili. Mfanyabiashara mdogo naye anabanwa: tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kwa jumla katika hesabu za kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa kisheria. Mwalimu wa shule ya kijijini hutarajiwa kupakia alama za tathmini kwenye mtandao wa KNEC. Na tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, mgonjwa hutambuliwa kidijitali. Pale ambapo zahanati hutumia kifaa cha kusoma alama za vidole kilichochomekwa kwenye tarakilishi, kifaa hicho nacho kina draiva.

Serikali ikihamishia huduma mtandaoni, huwa imehamishia sehemu ya wajibu wake kwa mashine asizozimiliki wala kuzikagua. Hilo halikwepeki, lakini haliiondolei lawama zote.

Mpango wa kufundishia kidijitali ulioanza 2016 ulifikisha zaidi ya vifaa milioni moja katika shule za msingi za umma. Mafanikio yake yalitangazwa kwa hesabu ya vifaa vilivyofikishwa. Kipimo hicho ndicho kinachohitaji kubadilika. Kifaa kilichofikishwa bila mpango wa kukitunza kina tarehe ya kufa iliyokwisha kuandikwa.

Katiba, kupitia Jedwali la Nne, imezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya afya. Serikali za Trans Nzoia na Bungoma basi zina mamlaka ya kuanza na zilivyo navyo. Hatua tatu zingetosha kwa mwanzo.

Ya kwanza ni daftari. Kila tarakilishi ya umma iandikwe modeli, mfumo endeshi, na tarehe ambayo draiva zake zilikaguliwa mara ya mwisho. Kaunti isiyojua ni mashine ngapi bado zinatumia Windows 10 haiwezi kupanga bajeti ya kuzibadilisha.

Ya pili ni zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 huruhusu mnunuzi kuweka masharti ya ubora. Masharti hayo yatamke kwamba muuzaji atathibitisha draiva zinapatikana kwa mtengenezaji, na atazitunza kwa miaka iliyokubaliwa. Bei ya chini kabisa bila sharti hilo ni deni lililofichwa.

Ya tatu ni vijana. Kitale ina taasisi ya kitaifa ya ufundi, Kitale National Polytechnic. Bungoma ina Sang'alo na Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka 2015 na kinachofundisha tarakilishi. Wanafunzi wa taasisi hizi hutafuta nafasi za mafunzo ya nyanjani kila mwaka, na wengi huishia kutumwa chai ofisini. Wapewe maabara za shule na zahanati kukagua draiva, kusafisha feni na kuandika daftari. Taifa halitagharimika sana, na kijana atatoka na ujuzi unaouzika.

Kwa wenye saiba, ushauri ni mwepesi zaidi. Tengeni saa moja kila mwezi, siku ambayo wateja ni wachache, kwa ukaguzi. Hifadhini draiva za kila modeli kwenye diski moja iliyoandikwa jina. Na fundi akisema mashine imekufa, mwulizeni jina la kosa lililoandikwa kwenye skrini. Asipolijua, hajaanza kuchunguza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mashine zilizoachwa nyuma na Oktoba 14, 2025 zimekwisha kuonyesha ufa wake. Kinachobaki ni kuona nani atanyanyua mwiko mapema, kabla ya msimu mwingine wa KUCCPS kuwakuta wanafunzi wamesimama nyuma ya skrini iliyozimika.